"Si Itamea Tu?" Hapana, Wasee, Bahari Haifanyi Kazi Hivyo

Kuna sentensi ya maneno matatu ambayo imenichosha: "Si itamea tu."

Umeisikia. Mtu yuko Diani ama Watamu, maji yamekupwa, ameinua kiti cha pweza juu kama kombe la ligi, anapiga selfi. Mtu mmoja anauliza, "Hicho kiumbe hakiumii?" Anajibiwa mbio mbio: "Tulia bana, hao hata ukiwakata mkono, si itamea tu." Laiki zinamiminika. Mjadala umeisha.

Kwa msee wa bara ambaye hilo jina ni geni: kiti cha pweza ni yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, mara nyingi mikono mitano. Na enyewe ni ukweli, mkono wake ukikatika unamea tena. Hapo sibishani na mtu. Shida yangu ni hiyo "tu". Hiyo "tu" ndiyo uongo. Kumea upya ni moja ya kazi ngumu na za kale zaidi ambazo mwili wa mnyama unaweza kufanya. Wewe mwenyewe umebeba sehemu kubwa ya vifaa vyake. Na haijawahi kuwa ruhusa ya mtu kuvunja vitu.

Niseme mapema: mimi si mwanasayansi. Niliacha kampasi mwaka wa pili, sina cheti cha kukuwekea mezani. Lakini kilichoisha ni karo, si kusoma. Biolojia tuliyopewa shule ya upili ilikuwa ya kukariri: jeni ni nini, taja pointi tatu, maksi tatu, songa mbele. Hakuna aliyetupa stori yenyewe. Na stori yenyewe ni moto.

Foromani na mafundi

Mwaka 1995, huko Basel, Uswisi, Walter Gehring na wenzake walichukua jeni ya panya inayohusika na kutengeneza jicho. Inaitwa Pax6. Wakaiweka kwa wale nzi wadogo wa matunda, wakaiwasha mahali ambapo jicho halina kazi. Nzi wakaota macho kwa miguu. Kwa mabawa. Na hapo ndipo inashangaza: hayakuwa macho ya panya. Yalikuwa macho ya nzi.

Fikiria mjengo. Jeni kama Pax6 si fundi wa kushika mwiko. Ni foromani. Yeye kazi yake ni kusema, "Jicho lijengwe hapa," halafu mafundi wa pale pale wanajenga jicho wanalolijua wao. Kwa nzi, watajenga la nzi. Kwa panya, la panya. Huyu foromani alitolewa saiti nyingine kabisa na bado mafundi walimwelewa, kwa sababu lugha ya mjengo ni moja. Tumeirithi sote, nzi na panya na wewe, kutoka kwa babu mmoja aliyeishi baharini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Hiyo ndiyo siri kubwa ya mageuko ambayo hatukuambiwa darasani. Maumbile hayakuwa yakibuni kila kitu upya kila mnyama mpya akitokea. Mara nyingi yaliwatumia maforomani wale wale, yakabadilisha tu wanaitwa lini, wapi, na kwa muda gani.

Unataka ushahidi? Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha jeni zote za anemoni mmoja wa bahari anayeitwa Nematostella. Huyu ni kiumbe mdogo laini anayejichimbia kwenye matope ya maji ya chumvi. Hana ubongo. Chakula kinaingia na uchafu unatoka kwa mlango mmoja. Lakini ana jeni kama 18,000, na wewe ambaye unajiona mtu wa maana una kama 20,000 za kutengeneza protini. Nyingi za zile zinazopanga mwili wako, huyu wa matope anazo pia. Tofauti ni kwamba ukimkata vipande viwili, siku chache baadaye una anemoni wawili. Wewe ukikatwa vipande viwili tunachanga pesa za mazishi.

Turudi kwa kiti cha pweza. Jina letu la Kiswahili linasema pweza ndiye anakikalia. Sasa sikia hii: kiukoo, wewe uko karibu zaidi na hicho kiti kuliko na pweza mwenyewe. Sisi na viti vya pweza tuko tawi moja la wanyama. Mtoto akianza kujengeka, kwao na kwetu, tundu la kwanza la mwili kutokea ndilo linakuwa la nyuma, mdomo unakuja baadaye. Yaani mimi, wewe, na ule mnyama unaombebesha miwani yako ya jua kwa picha, wote tulianzia chini.

Na mwaka 2023 watafiti wa Stanford na Berkeley walitoa kitu kingine. Waliangalia ni jeni gani zimewaka wapi kwenye mwili wa kiti cha pweza. Zile zinazochora kichwa kwa wanyama wengine zilikuwa zimewaka mpaka kwenye mikono yote. Zile za kuchora kiwiliwili karibu zote hazikuonekana kwenye ngozi yake ya nje. Kwa lugha rahisi, kiti cha pweza ni kama kichwa kinachotembea kwa midomo yake. Kumbuka hiyo siku ukiona mtu amekiinua kwa mkono mmoja, ati ni mapambo.

Kumea kunaanzaje?

Ukijikata, damu inaganda, kidonda kinafunga, unabaki na kovu. Viumbe hawa pia huanza kwa kufunga kidonda. Lakini wao hawaishii hapo. Seli zinaanza kuongezeka, na mpango wa ujenzi unafunguliwa: mbele iko wapi, nyuma iko wapi, kipi kimepotea, kijengwe kipi kwanza.

Nani anaufungua huo mpango? Mwaka 2019 Mansi Srivastava na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa jibu la mnyama mmoja. Walikuwa wakichunguza mnyoo mdogo wa baharini anayeitwa Hofstenia, ambaye ukimkata vipande, kila kipande kinajijenga kuwa mnyoo mzima. Wakapata jeni moja, EGR, ambayo ni foromani mkuu. Mnyoo akikatwa, EGR inawaka, nayo inawaamsha wengine. Ukiizima, hakuna kinachomea.

Wewe unayo EGR. Sitanii. Seli zako zikiumia, hata kwako inaweza kuwaka. Foromani anapiga simu, lakini kwa mwili wako simu haiendi kwa mafundi wale wale. Mahali mnyoo anajenga mkia, wewe unafunga kidonda na kuendelea na maisha. Hatujafukuza mafundi wote, usiogope. Ini la binadamu likikatwa kipande hukua tena. Mtoto mdogo akikatika ncha kabisa ya kidole, wakati mwingine inamea na ukucha wake. Kwa hivyo tunazungumzia jambo la ukoo, na sisi ni tawi ambalo limepoteza sehemu kubwa ya huo uwezo.

Halafu kuna jongoo bahari. Yule wa kama soseji amelala mchangani, watu wanamruka wakidhani ni takataka. Akibanwa na adui, anatapika matumbo yake. Matumbo halisi. Adui anashangaa, jongoo anabaki mtupu. Kwenye mwili wake kunabaki ule utando mwembamba uliokuwa unashikilia utumbo. Seli za misuli pale zinaacha kazi yao ya zamani, zinarudi kuwa seli za kuanza upya, na kwa wiki kadhaa utumbo mpya unajengeka. Kuna binadamu wanalala kliniki miezi wakisubiri upasuaji wa utumbo, na dawa ya maana kesho inaweza kutoka kwa kuelewa jinsi huyu soseji anavyofanya hiyo kitu peke yake.

Sasa tuongee kuhusu "tu"

Kila kitu nimesema hapo juu kina bei. Kiti cha pweza kinachojenga mkono hakijapewa chakula cha ziada na mtu. Nguvu inayoenda kwa mkono imetolewa kwa kukua ama kwa kutengeneza mayai. Kazi yenyewe ni ya miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Wengi wanahitaji ile sehemu ya katikati iwe nzima, ama angalau kipande chake. Kuna wachache sana, kama jamii ya Linckia, ambao mkono mmoja uliobaki pekee unaweza kujenga mwili wote, na hao wako hata hapa Bahari Hindi. Lakini huwezi kuchukua rekodi ya mkimbiaji mmoja useme kila Mkenya anashinda mbio za dunia.

Na mkono si ndio shida kubwa ukikiinua. Kiti cha pweza kinapumua kwa vijitokezo vidogo kwenye ngozi na kwa vile viguu vyake vidogo vya chini, vyote vikitegemea maji. Miguu yenyewe inasukumwa na maji. Ukikitoa nje upige picha kumi na mbili kwa sababu ya kwanza nywele zilikuwa vibaya, umekizima pumzi na miguu pamoja. Mkono unamea. Pumzi haimei.

Lakini hebu tuache mmoja mmoja, tuangalie kundi, kwa sababu hapo ndipo "itamea tu" inaanguka kabisa.

Pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini kulikuwa na kiumbe anaitwa Pycnopodia. Ni kiti cha pweza cha ajabu: mikono mpaka 24, upana unaweza kufika mita moja, na ni mwindaji hatari. Mikono ikikatika, inamea. Kama kuna kiumbe angepewa cheti cha "huyu hawezi kuisha", ni yeye. Mwaka 2013 ugonjwa ukaanza kuwatafuna. Ngozi inapata vidonda, mikono inajing'oa na kutambaa ikiwa peke yake, mwili unayeyuka kuwa uji. Wanasayansi wanakadiria zaidi ya bilioni 5 walikufa, zaidi ya asilimia 90 ya wote. Kufikia 2020 walikuwa kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ilichukua mpaka 2025 kumtambua mhusika: bakteria wa jamii ya Vibrio, ukoo mmoja na yule wa kipindupindu.

Na haikuishia kwao. Pycnopodia ndiye alikuwa anakula wale viumbe wa miiba tele, wale ukimkanyaga mmoja unaita mama. Alipoondoka, wao wakajaa, wakaanza kula misitu ya mwani mkubwa wa chini ya maji. Changanya na joto la bahari la miaka hiyo, na kaskazini mwa California zaidi ya asilimia 90 ya ile misitu ilipotea.

Kile kiumbe hodari kabisa wa kumea mikono kilikaribia kuisha. Kwa nini? Kwa sababu jeni za kumea zinajenga mkono. Hazijengi jirani. Hazirudishi kizazi. Ili kumea lazima kwanza uwe hai, na ili kizazi kiwepo lazima kuwe na wengine karibu.

Hili la "karibu" ndilo linanirudisha nyumbani, kwa jongoo bahari. Pwani yetu, hasa Kwale, anaokotwa wakati maji yamekupwa ama anazamiwa. Anapasuliwa, anachemshwa, anakaushwa, anauzwa kwa tajiri, na mwisho anafika Hong Kong na China. Hapa kwetu karibu hakuna anayemla. Wale wa bei nzuri wamepungua sana, si Kenya peke yake, ni Bahari Hindi yote ya magharibi. Mwaka 2019 nchi za mkataba wa CITES zilikubaliana kuweka spishi tatu za jongoo kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa, kwa sababu hali ilikuwa inatisha.

Na sikia vile wanazaa: dume anaachilia mbegu majini, jike anaachilia mayai majini, na vikutane huko. Kama jongoo wako wengi pamoja, inafanya kazi. Kama mmoja amebaki huku na mwingine yuko mita mia tano kule, zile mbegu zinapotelea baharini. Anaweza kumea utumbo mpya mara ngapi sijui, lakini watoto hatapata. Na yeye ndiye anakula mchanga na kuutema ukiwa safi. Ukimwondoa, umemfukuza mfagiaji na bado unalalamika mtaa ni mchafu.

Najua kuna mtu tayari ananijibu: "Wewe uko na simu na bando, unamwambia kijana wa Vanga asiokote jongoo, atakula maoni yako?" Ni swali la haki. Yule kijana si adui wangu. Anapata kidogo, tajiri anapata zaidi, na mwisho wa ile safari ndipo pesa iko. Hata yule kaka wa ufuoni anayeinulia mgeni kiti cha pweza anatafuta unga. Lakini hesabu ni hii: jongoo wakiisha, wa kwanza kukosa kazi ni yule kijana. Tajiri atahamia bidhaa nyingine. Na mgeni hatarudi kulipia kutembezwa kwenye mwamba uliokufa.

Halafu kuna njia, na imejaribiwa hapa hapa. Kuruwitu, kule Kilifi, katikati ya miaka ya 2000 wenyeji walikaa chini wakakubaliana kufunga kipande cha bahari yao kisivuliwe. Wanaita tengefu. Wavuvi wenyewe ndio waliamua. Samaki walirudi, matumbawe yakapata nafuu, na mwaka 2017 wakapewa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Hivyo ndivyo bahari inamea: watu wanaacha nafasi, wanaacha muda, na wanakubali kukosa leo. Hakuna jeni ya hiyo. Ni uamuzi.

Kwa hivyo haya ndiyo maoni yangu, na uko huru kunipinga.

Kwa wale tunatengeneza kontenti: tuache kuinua hawa viumbe. Weka simu kwa mfuko usioingia maji, ivike chini, kichukue mahali kiko. Kiti cha pweza kinachotembea kwa mamia ya viguu vyake ni video kali kuliko wewe umekishika kama sahani. Na ukiona mtu amekiinua, usimpe laiki, usimtukane pia. Mwambie mambo ya pumzi. Wengi kusema kweli hawajui.

Kwa kaka za ufuoni: mgeni analipia kile unachojua, halipii mkono wako kuloweka. Mpe miwani ya kuangalia chini, mwambie ainame, umwambie hicho anachokiona ni kichwa kinachotembea na ni jamaa yake. Uone kama hatakuongeza.

Kwa wale bado mko kampasi, nyinyi ambao karo inalipika: Kenya iko na KMFRI pale Mombasa, iko na Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, na iko na Bahari Hindi mlangoni. Majaribio yote niliyowataja kwa majina hapo juu yalifanywa mbali. Hakuna sheria inasema foromani anayefuata lazima agunduliwe Harvard. Linckia wako hapa. Jongoo wako hapa, kwa sasa.

Na kwa sisi wote, tuiondoe hiyo "tu" mdomoni. Tunaijua uchungu wake, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo wakubwa wanatupea: kazi hakuna, "vijana watajipanga tu", karo imepanda, "watajipanga tu." Ati kwa sababu umewahi kuinuka ukiangushwa, basi kukuangusha si makosa. Mtu anayesema hivyo si yeye anayelipa gharama ya kuinuka.

Mkono utamea, sawa. Ni kazi ya miezi, inalipwa na mwili wa aliyeumizwa, kwa kutumia mpango wa zaidi ya miaka milioni 500 ambao hata wewe umeubeba. Kiheshimu. Maji yakikupwa, inama, angalia, kiache palepale.